Motere Iliyokauka

Jumanne jioni, hospitalini Rutshuru

Na bado anathubutu kusema eti ni bahati mbaya!

Wiki nzima nilimwambia kaka yangu Kambale apime mafuta ya motere. "Dada, gari inatembea vizuri," alinijibu. "Ile taa nyekundu inadanganya tu."

Leo mdogo wetu Furaha alishikwa na uchungu wa kuzaa, tukamchukua Kalengera kumleta hapa. Hatukufika mbali. Motere iligongagonga, ikatoa moshi, ikazimika. Kambale alichomoa kijiti cha kupimia: kikavu kabisa. Furaha alikuwa analia, amenishika shingo.

Papa mmoja wa pikipiki alisimama. "Mama, mpandishe, wewe kaa nyuma umushike." Kila shimo la barabara niliomba Mungu asizalie pale.

Mutoto wa kike alizaliwa tulipoingia tu. Wote wawili ni wazima.

Kambale amefika sasa hivi kwa miguu, machozi yanamtoka, anaomba kumbeba mutoto. Nimempa.

Lakini kumsamehe, hapana. Leo siwezi.