Kisanduku Kilichomeza Kinoo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukicheka sitakulaumu, hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mwingine. Naitwa Muthama, naishi Kilimani, na kazi yangu ni kukokotoa kila mahali droni inapoweza kufika upepo ukibadilika, ili isimwangukie mtu. Mwendo wake haufuati mstari ulionyooka na shaka ndogo mwanzoni hukua haraka, kwa hivyo kila hatua tunaizungushia kisanduku kipana kuliko ukweli ili tusiache lolote nje, na kikivimba mno tunapima upya droni iko wapi na kuanzia hapo.

Sasa Nyakio wangu ametaka niende kwao Kinoo na wazee wangu kuhanda ithigi, ile ziara ya kwanza ya kupeleka tawi na kumposa, nami kwa usomi wangu nikaikokotoa, nikaweka hasira za baba yake, idadi ya shangazi, mjomba wangu Muema anayeongea kupita kiasi, na kufikia saa nane mchana ya siku hiyo ya ziara kisanduku kilikuwa na ndoa, ugomvi, na mimi nikikimbizwa hadi barabara kuu ya Waiyaki Way, nikaahirisha mara mbili. Juzi akaiona karatasi mezani, akasoma mstari mmoja, akaniuliza, "Sasa Muthama, hii ya mimi kukataa umeitoa wapi?" Nikajibu eti hesabu ndivyo zinavyotaka. Akachukua mkoba akaenda, na simu hashiki. Wazee wake wanatungoja Jumamosi hii kwa mara ya mwisho, nami nampenda kuliko ninavyojua kusema. Nifanyeje?

*

Muthama, pole, na uache ujinga. Kila anayepiga hodi kwa wakwe huogopa, ila wewe woga wako umeupa digrii. Umehesabu mpaka shangazi, na mtu pekee ambaye angekujibu kwa dakika moja ukamwacha ajisome kwenye karatasi. Umesema mwenyewe kisanduku kikivimba mnapima upya. Nyakio umempima lini?

Achana na simu. Leo ukitoka kazini nenda umtafute, umwombe msamaha bila kutaja hesabu, umuulize kama bado anakutaka. Akikubali, mwambie mjomba Muema Jumamosi aongee nusu, kisha nendeni. Baba mtu akinuna, mtarudi siku nyingine, watu huoa hivyo.

Na kwa kuwa unapenda uhakika, nakupa mmoja. Ukibaki nyumbani Jumamosi huhitaji kisanduku: utafika mahali pamoja tu, kwenye kochi lako, bila Nyakio.