Vifaranga wa Miguu Mirefu

Sally, mpaka saa hii Wekoye bado ananijibu. Ati, "Mayai ni mayai, kuku ndiye ameyaatamia." Mume wangu mwenyewe.

Aliyaokota kwenye kinamasi, ndani ya hifadhi, akayaweka chini ya kuku wangu bila kuniambia. Leo asubuhi wameanguliwa vifaranga wawili wa miguu mirefu mpaka kuku mwenyewe anawaogopa. Ni korongo wenye taji, Sally. Korongo.

Na unajua nani aliwaona kwanza? Bethwel. Yule niliyemkaripia Jumamosi mbele ya kikundi chote cha kulinda ndege, kwa sababu anafuga korongo mmoja kwake. Alikuja kuomba jembe, akachungulia kwa banda, akasema polepole, "Mama Mwenyekiti, kuku wako siku hizi wanazaa warefu."

Nikafunga mlango wa banda haraka, kama mwizi. Mimi.

Wekoye naye anacheka. "Tuwafuge tu, watawapendeza wageni wa binti yetu Nangila wakitoka Bungoma kuja kumposa." Nikamuuliza, na Jumamosi ijayo nitasimama mbele ya hao watu niseme nini?

"Si useme ni bata."

Ati bata, Sally.

Basi nimempigia askari wa hifadhi, akasema tuwalete mara moja kabla hawajapata baridi. Kikapu nimempa Wekoye abebe mwenyewe. Bethwel nimemwambia atufuate, na huyo wake amlete.

Tuko getini sasa. Askari ameuliza ni nani alitoa mayai kwenye kiota. Nimemnyooshea Wekoye kidole.