Kikombe Kilichooshwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga deki nyumba nzima kabla ya saa moja asubuhi. Klorini vifuniko viwili kwa ndoo moja, na cha tatu cha kuridhisha roho. Nyumba inanuka dawa mpaka barazani. Ndivyo ninavyopenda. Miaka sita nasafisha vyumba vya gesti hapa Nkende, Tarime, hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Halafu nikamwona Tata nyuma ya banda la kuku. Tata ni baba yake Marwa, mume wangu. Amekaa kwetu mwezi mmoja sasa, tulimtoa kijijini kwao Itiryo kwa sababu ya kifua. Alikuwa amechuchumaa na kikombe chake cha chai, kile nilichokiloweka kwenye klorini jana na kukisuuza mara tatu. Anakisugua upya. Kwa majivu!

Mtu akirudia kuosha chombo ulichomwoshea, amekwisha kukwambia wewe ni mchafu. Mimi. Robi. Nimekasirika mpaka mwandiko umeharibika.

Jumatano, 5 Machi

Amerudia tena leo. Kikombe na sahani.

Siwezi kumuuliza. Kwetu Wakurya mkwe wa kike na baba mkwe hawazoeani. Sikai naye chumba kimoja, simpi mkono, siingii kwake akiwa ndani. Ndiyo maana Marwa alimtobolea mlango wa nje kwenye chumba cha mwisho, apite uani bila kukatiza sebuleni kwangu. Akihitaji kitu anamwambia kuku. Kuna jike moja jekundu linalomfuata kila aendako. "Wewe kuku, leo uji ulikuwa mzuri." "Wewe kuku, maji ya kunawa yamekwisha." Mimi nipo jikoni nasikia, naleta maji, naweka chini, naondoka.

Leo kuku hakuambiwa chochote kuhusu kikombe.

Kinachoniuma ni kwamba nilimtaka sana huyu mzee. Baba yangu alikufa kabla sijajua kutamka jina lake. Nilipoambiwa Tata anakuja kukaa nilishona mapazia mapya. Na ameyakuta nyumbani kwa mchafu.

Jumamosi, 8 Machi

Marwa amerudi kutoka Mugumu anakofundisha. Huja Jumamosi, huondoka Jumapili jioni. Hajavua hata viatu nikammwagia yote. Akacheka. Nikamwambia acheke na kuku wake. Akaenda uani, wakakaa na baba yake muda mrefu.

Aliporudi hakuwa anacheka. Tata alichimba dhahabu kule Nyakunguru ujana wake wote, mashimo ya kushuka kwa kamba, na vumbi lile limebaki kifuani. Hilo nalijua. Nililokuwa silijui ni kwamba harufu ya klorini inamfunga pumzi. Kila ninapopiga deki anatoka kwenda kukaa kwa jirani, si kwa kupenda maongezi. Kikombe kikinuka dawa hawezi kukisogeza mdomoni.

Kumbe. Siku zote hizo mimi ndiye niliyekuwa namkohoza.

"Kwa nini hakusema?"

"Aseme nini? Kwamba mke wa Marwa anasafisha kupita kiasi?"

Kuna lingine. Tata amesema mwezi huu ukiisha kifua hakijatulia, anarudi Itiryo. Itiryo hakuna mtu. Mama mkwe tulimzika mwaka juzi. Daktari alisema asikae mbali na hospitali, kwa sababu pumzi ikimkata akiwa peke yake ndiyo basi.

Nina wiki tatu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nilipita kwa Bi. Zuhura. Anauza achari na viungo sokoni, asili yake Tanga, hapa Tarime ameota mizizi kuliko mimi. Nyumba yake inameta na haina harufu yoyote. Siku zote nilidhani hasafishi.

Nilimwamkia, nikamweleza. Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mwanangu, mbona dawa zote ziko jikoni kwako? Wewe unazila tu." Siki kwa vioo na vigae. Limao na chumvi kwa sufuria na sinki. Magadi kwa mafuta ya jikoni. Maganda ya limao yaloweke kwenye siki wiki mbili, uchuje, uongeze maji, upigie deki. Na majivu, ukiyachekecha vizuri, hakuna chombo kitakachokushinda.

Majivu. Nilitazama pembeni.

Jumanne, 11 Machi

Nimechanganya siki na magadi kwenye beseni moja. Povu likapanda kama pombe ya mtama, nikafurahi, nikajua hii ndiyo kali. Nikasugua jiko. Mafuta yako palepale.

Bi. Zuhura amenicheka tena. Kumbe vikikutana vinamalizana nguvu, unabaki na maji tu. Kila kimoja kwa zamu yake. Nimejaribu magadi peke yake na maji ya moto, jiko limetakata. Birika nimelichemshia siki, ukoko mweupe wa ndani umebanduka wote. Nimeliangalia kama mara kumi.

Maganda nimeloweka kwenye mtungi wa kioo juu ya kabati. Yananukia vizuri. Lakini usafi unaonukia chakula? Moyo unakataa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya nne bila klorini. Tata hajatoka kwenda kwa jirani. Amekaa uani anasuka kamba.

"Wewe kuku," amesema leo, "siku hizi hewa ya hapa nyepesi."

Nilijifungia chooni nikalia. Furaha tu.

Jumatano, 19 Machi

Masika yameanza na ukuta wa chumba cha Tata umeota ukungu mweusi, upande wa kitanda. Nimeusugua kwa siki umebaki kivuli. Shangazi Nyangi, dada yake Tata, anakuja Ijumaa kumwona. Yule mama ana pua na ana mdomo. Atauona ule ukuta, na kabla jua halijazama Itiryo nzima itajua kaka yake analazwa kwenye ukungu.

Nimebakiza klorini nusu chupa. Kifuniko kimoja tu, Tata akiwa nje. Nikichanganya na siki, siki itaua harufu. Akirudi hatajua.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Sijalala. Niandike tu yalivyotokea.

Jana saa nne Tata alitoka kwenda kunyoa. Niliingia chumbani kwake na ndoo: siki, maji kidogo, klorini. Kifuniko kimoja kikawa vitatu. Macho yakaanza kuwasha, koo likakaba. Nikajisemea, ikiuma ndiyo inafanya kazi. Gesti tulikuwa tunasema hivyo kila siku. Nikasugua ukuta nimeziba pua kwa khanga.

Mvua ikashuka ghafla. Nikamsikia Tata uani, anakimbilia ndani. Mkwe haonwi chumbani kwa baba mkwe. Nikatoka mbio kwa mlango wa ndani, ndoo nikaiacha. Yeye akaingia, akafunga mlango, akafunga na dirisha kwa sababu ya mvua.

Nilisimama koridoni. Nikamsikia akikohoa. Halafu kikohozi cha namna nyingine. Halafu kimya.

Nilikuwa nimeshika kitasa. Hilo naliandika ili nisijidanganye baadaye: nilishika kitasa na sikufungua palepale. Nilikuwa nafikiria mwiko. Baba yake mume wangu anakata roho na mimi nasimama nafikiria wazee watasema nini.

Kisha nikafungua. Alikuwa chini kando ya kitanda. Nikamshika kwapani, nikamburuta mpaka uani kwenye mvua, nikamlaza kifuani pangu ili kichwa kiwe juu. Mwepesi mno. Sikujua kama ni mwepesi hivyo. Nikapiga kelele, jirani akaleta bodaboda. Nimekuja naye hapa nimemkumbatia njia nzima, shavu lake shingoni kwangu, khanga imeniponyoka, mji mzima ukinitazama.

Nesi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikasema mkwe. Mama mmoja wa Kikurya kwenye foleni akageuza uso.

Daktari amenifafanulia. Siki na klorini vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Vya magadi vilimalizana, hivi vinaua mtu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Anapumua. Wamemwekea mashine. Anapumua.

Jumapili, 23 Machi

Tata ameruhusiwa jana. Hakuangalia upande wangu, nami sikuangalia wake. Kuku mwekundu alimkimbilia. Hakumwambia neno.

Nilimweleza Marwa kila kitu, hata kile kitasa. Akanikamata mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Nampenda mwanamume huyu.

Shangazi Nyangi naye alisema yake, sebuleni, kwa sauti ya kufika uani. "Mura, kijana wangu, baba yako amebebwa na mke wako kama mtoto mchanga, mchana kweupe. Hilo linazungumzwa nyumbani, mbele ya wazee. Haliachwi hivi hivi."

Wameondoka leo wote watatu. Marwa ameomba ruhusa shuleni wiki mbili akae na baba yake Itiryo. Tata alipanda gari bila kugeuka. Mfuko wake wa nguo amebeba wote. Hakuacha hata soksi.

Nimemfukuza. Si kwa ulimi, kwa ndoo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepeleka klorini iliyobaki gesti. Sitaki hata chupa yake humu ndani.

Alhamisi, 27 Machi

Marwa amepiga simu. Tata anakula, anatembea mpaka zizini. Kuhusu kurudi hasemi kitu. Kuhusu mimi hasemi kitu.

Bi. Zuhura alikuja na visheti. Aliviweka mezani, safari hii hakucheka. Kisha akasema, "Ningekwambia na cha kutochanganya. Haikunijia akilini. Nisamehe." Mimi ndiye wa kuomba msamaha na watu wananiomba mimi.

Jumapili, 30 Machi

Mtungi wa maganda umeiva. Wiki mbili zilizidi, nilisahau. Nimechuja, rangi ya chai hafifu. Nimetia maji, nikasafisha chumba cha Tata. Madirisha wazi, mlango wazi. Ule ukungu nimeusugua kwa magadi, leo, na nitausugua kesho, na keshokutwa. Taratibu tu. Hakuna wa kumwahi.

Mapazia nimefua kwa sabuni ya mche, nikaanika juani.

Kisha nikakaa kwenye kiti chake, ndani, kwa mara ya kwanza. Nilivuta pumzi ndefu. Hakuna kitu. Hewa tu. Nimeishi miaka thelathini na minne sikujua kama safi inanuka hivi, yaani hainuki.

Jumatano, 2 Aprili

Kuku anakwenda kusimama mlangoni kwake kila asubuhi. Nimemwambia hayupo. Nimeanza na mimi kuongea na kuku.

Jumamosi, 5 Aprili

Marwa kapiga simu. Wazee wamekaa jana. Mbuzi ameliwa. Walimuuliza Tata, mkwe alikushika? Akasema, "Nilishikwa na mwanangu. Mtoto akimwinua baba yake aliyeanguka, anaulizwa nini?" Shangazi Nyangi akafungua mdomo, akaufunga. Marwa anasema hajawahi kuliona hilo tangu azaliwe.

Nimemfanya Marwa anirudie maneno hayo mara tatu, mpaka salio likamwishia.

Hakusema kama Tata anakuja.

Jumanne, 8 Aprili

Nilikuwa jikoni nakamua malimao. Nikasikia pikipiki, kisha mlango wa nje wa chumba cha mwisho. Nikatulia. Kikohozi kimoja kidogo. Dirisha likafunguliwa. Halikufungwa.

Baadaye alitoka uani na kiroba. Kimejaa majivu ya kuni za kwao, mepesi, meupe. Akaomba chekecheo. Si kwangu, kwa kuku. Nikaiweka pale kwenye jiwe, nikarudi ndani. Akakaa kwenye kigoda upande wake wa ukuta, anachekecha taratibu, yaliyo laini koponi, yanayokwaruza mfukoni, uso kaugeuzia upande upepo unakokwenda ili vumbi lisimfikie. Mimi upande wangu naendelea na malimao. Tumefanya kazi hivyo mpaka jua limesogea.

"Wewe kuku," akasema. "Mwambie mwanangu haya ya kwenye kopo ni ya vikombe. Ya kwenye mfuko ni ya sufuria."

Niliweka kisu chini. Nikajaribu sauti kama ipo.

"Wewe kuku," nikasema. "Mwambie Tata nimesikia."

Jioni nimeosha kikombe chake kwa majivu ya kopo, nikakisuuza, nikakitia chai, nikakiweka kwenye jiwe. Kwa pazia la jikoni nilimwona akikichukua, akikinusa kidogo. Akanywa.