Mubaya wa Kwanza wa Wiki

Lubumbashi, Hewa Bora
Jumamosi asubuhi

Yaya Julienne,

Nakusalimu kwa heshima, dada yangu mkubwa, wewe uliyenibeba mgongoni wakati mama alipokuwa hajiwezi. Goti lako je? Mara ya mwisho ulisema linakuuma unapopanda kutoka mtoni na beseni la samaki kichwani. Umepata mtu wa kukusaidia, au bado unakataa kusaidiwa? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku tuko wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila anachokishika. Mvua imechelewa, vumbi jekundu linaingia mpaka ndani ya sufuria, lakini bukari tunakula na usingizi tunapata.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu inakatika, na pia kuna maneno ambayo siwezi kuyasema huku nikisikia unavyopumua upande wa pili. Kaa chini, Yaya. Habari ni ndefu, na mimi si mtu mwema ndani yake.

Kazi zangu unazijua. Siku za kazi niko kwenye depo ya saruji na mabati. Jumapili baada ya misa nilikuwa natangaza mieleka, hii ambayo huku tunaita catch, kwenye kiwanja cha nyuma ya soko. Na Jumatatu asubuhi nilikuwa napewa robo saa kwenye redio ndogo ya mtaa wetu, nasoma orodha ya Wabaya wa Wiki.

Katika catch kuna wazuri na kuna wabaya. Mzuri anapigiwa makofi, lakini mbaya ndiye anayejaza kiwanja. Watu wanakuja kumzomea, wanamrushia maganda ya ndizi, wanarudi nyumbani wepesi kama waliotoka kuungama. Mimi nilikuwa nawapanga wabaya hao, kutoka wa tano mpaka wa kwanza. Sikuwapanga ovyo. Nilikuwa nasikiliza zomeazomea imechukua muda gani, nawatazama wamama wa mstari wa mbele kama wamesimama au wamebaki wamekaa, na nauliza kama mbaya ameleta uovu mpya au amerudia wa wiki iliyopita. Kulikuwa na Bwana Duane, anayevaa kofia ya forodha na kumpekua mpinzani wake mifukoni kabla ya kumpiga. Huyo hakutoka kwenye orodha hata wiki moja, kwa sababu kila mfanyabiashara uwanjani ana hasira na forodha. Kulikuwa na Mukubwa wa Golf, ule mtaa wa matajiri, anayeingia na tai na kufuta mikono kila akiguswa na mtu. Kulikuwa na Mama Pilipili, ambaye katikati ya wiki anafundisha watoto wadogo kuimba. Watu walikuwa wananisimamisha barabarani kubishana nami: kwa nini Mama Pilipili wa nne? Nilipenda hivyo, Yaya. Nilipenda kujulikana.

Na kulikuwa na Kaburi Wazi.

Jina lake la kweli ni Papa Anaclet, fundi wa viti vya henzirani, mwenye miaka hamsini na kitu. Anaongea kwa sauti ndogo mpaka unalazimika kumsogelea. Lakini uwanjani alikuwa anaingia amejipaka majivu, na kibuyu shingoni, anatembea polepole bila kumtazama mtu. Akipuliza unga mweusi kutoka kwenye kile kibuyu, mpinzani anaanguka kabla hajaguswa. Kwa muda mrefu nilikuwa namweka wa tatu. Nilimwona wa zamani kidogo.

Halafu wiki moja nilikosa la kusema redioni. Orodha ilikuwa ile ile, nikaona watu watachoka nami. Nikamweka Kaburi Wazi wa kwanza, nikasema hivi kwenye kipaza sauti: "Bandugu, wale wengine banacheza. Huyu hachezi. Mi nilisimama karibu, niliona kwa macho yangu miguu ya muntu inakufa mbele ya kuguswa. Huyu ni mulozi wa kweli."

Simu za redio hazikunyamaza siku ile. Wiki ya pili nikarudia, nikaongeza chumvi. Wiki ya tatu pia. Kabla ya hiyo ya tatu Papa Anaclet alikuja kuniona depo, amevua kofia, akasema, "Sylvain, ile neno ya bulozi, uiache. Mambo ya catch ibaki ku catch. Mi niko na majirani." Nikamwambia asiogope, ni biashara tu, kiwanja kinajaa kwa ajili yake. Akavaa kofia yake, akaenda.

Jumapili ile ya tatu alipigana na kijana mmoja anayeitwa Trésor, mpakiaji wa malori, mzuri anayependwa na mtaa mzima. Trésor alipulizwa unga, akaanguka vizuri sana, watu wakapiga kelele. Jumatatu nikasoma orodha yangu, hiyo mara ya tatu. Jumanne asubuhi Trésor akashindwa kushuka kitandani. Miguu yake haikumsikia. Wakambeba mpaka hospitali.

Unaona inakokwenda.

Jumatano mchana nilikuwa nahesabu mabati pale mwenzangu mmoja alipoingia akisema, "Mulozi wako wa ku redio, bantu banamuvunjia nyumba." Nilipanda pikipiki nikaenda. Sikuhitaji kuuliza njia. Moshi ulikuwa unaonekana. Viti vyake vilikuwa vimerundikwa kwenye ua na kuwashwa moto, henzirani ikipasuka pasuka kama mahindi. Papa Anaclet alikuwa ameketi chini ukutani, shati limechanika, damu inatoka sikioni. Mbele yake alisimama chef wa avenue, mkuu wa serikali wa barabara ile, mzee mwenye mwili mdogo, amenyoosha mikono yote miwili kuwazuia watu. Mama Odette, mke wa Papa Anaclet, alikuwa amesimama mlangoni, haondoki.

Mama yake Trésor aliponiona, uso wake ulifurahi. Hilo ndilo sitalisahau. Alisema, "Mumuachie njia. Shahidi amefika." Na watu wakanifungulia njia, Yaya, kama padri.

"Ni weye ulisema ku redio," akaniambia. "Ulisema uliona kwa macho yako. Sasa sema mbele ya bantu bote."

Sitakudanganya. Neno la kwanza lililonijia ni kusema sikuona vizuri. Nilitaka kupita katikati, nisiwe mwongo na nisiwe muuaji. Lakini kulikuwa na mwanamume karibu yangu ameshika mguu wa kitanda, anangoja tu kinywa changu. Nikasema:

"Nilisema bongo. Nilidanganya. Sikuona kitu. Ule unga ni makala ya jiko na bunga ya mihogo, banapatana mbele ya kupigana nani ataanguka na vile ataanguka."

Kisha mtu mmoja akasema, "Huyu naye bameshamuloga." Wengine wakaitikia. Uongo wangu walikuwa wameuamini siku ile ile niliousema. Ukweli wangu waliuona ni dawa ya mchawi.

Aliyetuokoa ni chef. Alisema, "Basi, tuulize mwenye miguu. Trésor hajakufa, iko na kinywa." Akachagua watu: yeye mwenyewe, mama, wajomba wawili wa kijana, na mimi. Papa Anaclet na mkewe aliwafungia ndani ya nyumba yake yeye chef, ufunguo akautia mfukoni, akawaambia waliobaki kwamba atakayegusa mlango ule amegusa serikali.

Hospitalini Trésor alikuwa amelala chali. Mama yake akamwambia, "Mutoto wangu, usiogope. Sema tu ni nani alikufanya hivi." Trésor akamtazama, akanitazama mimi, akageuza uso ukutani. Chef hakumharakisha. Mwishowe Trésor akasema, bado anatazama ukuta:

"Mama, Papa Anaclet hana kosa. Mi nilianguka ku kamyo nikipakia, siku mbili mbele ya catch. Mifuko ya saruji ilinipiga ku mugongo. Nilificha. Nilijua mukijua mutanikataza kupigana."

"Na pale kiwanjani?" chef akauliza.

"Pale alinikamata kichwa na mukono wake nisijigonge. Anafanyaka hivyo kwa kila muntu. Tulikuwa tunajifunza kwake, juu ya magodoro. Aliniuliza ju ya nini natembea vibaya. Nikamwambia ni kiatu."

Mama yake alivua kitambaa cha kichwa akajifunika uso. Tukarudi. Watu kule uani walisikia habari kutoka kwa chef, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeomba msamaha. Mwingine aliondoka na kiti kizima kilichokuwa hakijashika moto.

Wiki ile mkubwa wa redio alinikataza kufungua kinywa. Alisema nikitangaza kwamba catch ni mapatano nitakuwa nimeua catch, na redio pamoja nayo. Jumatatu nikaenda kama kawaida. Nikasoma wa tano Mukubwa wa Golf, wa nne Mama Pilipili, wa tatu mgeni mmoja kutoka Likasi, wa pili Bwana Duane. Kisha nikasema mubaya wa kwanza wa wiki ni mimi, na nikaeleza kwa nini, kwa jina langu, mpaka walipokata sauti. Nafasi ile nimeipoteza. Kiwanjani pia hawanitaki. Wamama wa mstari wa mbele wananiita muharibifu.

Nilikwenda kwa Papa Anaclet nikidhani nimelipa. Nilimkuta anachagua henzirani iliyobaki kwenye majivu. Nikamuuliza kama alisikia redio. Akasema alisikia.

"Usijiite mubaya," akaniambia, kwa ile sauti yake ndogo. "Mubaya ni kazi. Mi niliifanya miaka kumi na miwili, sijavunja muntu hata kidole. Weye haukufanya kazi yoyote. Weye ulisema tu."

Yaya, maneno hayo yaliniingia kuliko matusi yote ya mtaa. Nilikaa miaka yote ile nikipanga nani mbaya bora, na sikujua kitu cha kwanza cha ile kazi: kwamba mbaya mzuri ni yule ambaye mpinzani wake anarudi nyumbani mzima, akala chakula chake. Kama ningejua, Papa Anaclet angekuwa wa kwanza tangu zamani, na kwa sababu nyingine kabisa.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema, "Ulisema mara tatu. Ulisahihisha mara moja. Tena wengi hawana redio, bali bameambiwa na majirani." Kwa hiyo nilianza kupita kwenye nyumba za avenue yao, lango kwa lango, kila nikitoka kazini. Nilikuwa nabisha, nasema jina langu, nasema nilidanganya. Wengine walinipa kiti. Wengine walinisikiliza kwenye ufa wa mlango. Mzee mmoja aliniambia anajua tangu mwanzo kwamba ni uongo; nikamuuliza Jumatano ile alikuwa wapi, akaingia ndani akafunga mlango. Mama yake Trésor alinikaribisha, akanipa maji, akalia. Trésor sasa anasimama kwa fimbo mbili. Daktari anasema taratibu.

Lakini uongo una miguu mizuri kuliko yangu. Mpaka leo Mama Odette akifika kwenye bomba, wanawake wanavuta ndoo zao kando, si kwa ukali, kwa adabu tu, kama mtu anayempisha mgonjwa. Hakuna anayekuja kuagiza kiti. Papa Anaclet ameacha catch. Majivu na kibuyu amevitupa, na ule mwendo wake wa polepole hauna tena wa kuuzomea.

Ndiyo maana wanahama. Mama Odette ana kaka yake huko kwenu Kasenga, yule fundi wa mitumbwi anayeishi karibu na mnada wa samaki. Wameona waanze upya huko. Papa Anaclet mwenyewe ndiye atakayekukabidhi barua hii. Mtu mrefu, mwenye kovu jipya sikioni, aliyesimama mbele yako unaposoma, ni yeye.

Nimempa aisome kabla sijaifunga, kwa sababu ni habari yake. Aliisoma yote taratibu. Alinisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba siku ile Mama Odette alilia pale mlangoni. Akasema, "Futa. Hakulia." Nimefuta.

Najua redio yetu haifiki huko, lakini wafanyabiashara wa samaki wanafika, na simu zao zina sauti yangu ya redioni iliyorekodiwa. Utasikia wakinong'ona sokoni. Wakinong'ona, Yaya, usijitahidi kunilinda. Sema mdogo wangu alidanganya, nina barua yake. Wasomee kama wanataka. Na Mama Odette akija kuteka maji, simama karibu naye na ndoo yako. Watu wa huko wanakutazama wewe kwanza kabla ya kujua wamtazameje mtu.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayekausha samaki ingawa anasema nimemsahau. Nisalimie katekista aliyenifundisha kusoma kwa sauti, na binti yako mkubwa na mtoto wake ambaye sijamwona. Mwambie Papa Anaclet akae kwanza, ale, ndipo mzungumze.

Mimi mdogo wako, ambaye wewe ndiye uliyemfundisha kusema,

Sylvain