Moshi wa Dohani ya Shangazi Zenzi

Ausserlahn, Tirol
12 Februari 1986

Mpendwa dada yangu Burgi,

Nakusalimu wewe, shemeji Otmar na mwanao Anselmo, kutoka huku kwenye baridi inayogandisha hata masharubu yangu, ambayo bado ni masharubu bora kuliko yote bondeni, na asiyekubali aje tupime. Hamjambo huko kwenye joto la Brazili? Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi tunaendelea. Mimi ni mzima, na Filomena ananilalamikia tangu asubuhi, kwa hiyo naye najua ni mzima.

Kabla hujaniuliza: mama yako, shangazi yangu Zenzi, yu hai. Asubuhi hii moshi ulitoka kwenye dohani yake. Nimeuona mwenyewe kwa darubini ya Severin mwindaji. Shika hilo mkononi, halafu usome polepole, maana yanayofuata si matamu.

Theluji haijapumzika kuanguka tangu wiki iliyopita. Barabara ya kushuka mjini tumeifunga, na waya wa simu umekatika huko chini. Nasema tumeifunga kwa sababu mimi ni mmoja wa walioifunga. Watu wa ng'ambo ya kijito, walio chini ya mteremko mkubwa, tumewahamisha wote na sasa wanalala shuleni, wanagombania magodoro na kulalamikia supu. Wote isipokuwa mmoja. Unamjua, ndiye aliyekuzaa.

Lakini ngoja kwanza nimjibu Anselmo, maana barua yako ya Krismasi ilitufanya tucheke mpaka Filomena akamwaga kahawa. Kijana aliyezaliwa kwenye migomba anataka kuwa mtabiri wa maporomoko ya theluji. Mwambie aanze na ndizi: akae chini ya mgomba atabiri mkungu utaanguka lini. Akifaulu, tutamtumia nauli.

Anauliza ni shule gani. Mwambie hakuna shule moja, kila mtu ameingilia mlango wake. Mimi mjomba wake nilikuwa mhudumu wa meza melini, nikitokea Genova. Nimepika Marseille, nimebeba sahani Hamburg, naongea lugha nne na zote nazivunja sawasawa. Shuleni nilikaa kidogo kuliko benchi nililokalia. Niliporudi nikapewa mashine ya kusawazisha theluji kwenye lifti ya kuwapandisha watelezaji mlimani, na kwa kuwa naifikia milima kabla ya jogoo kukohoa, kijiji kikaniweka kwenye kamati ya maporomoko. Hatulipwi, tunapewa lawama tu.

Mwenyekiti wetu ni Gebhard, msafisha dohani. Usicheke. Mtu anayepanda juu ya paa la kila nyumba anajua nani analala wapi na nani amevimba miguu hawezi kukimbia. Walpurga ni mwalimu, anapima theluji nyuma ya shule kila siku hata Krismasi, na akikosea sentimita moja hali chakula. Severin ni mwindaji. Paa wa milimani wakihama mteremko, yeye haulizi sababu, naye anahama.

Halafu yupo Roswitha wa ofisi ya mkoa. Huyo ndiye msomi. Alikuwa mtelezaji wa theluji wa mashindano, goti likavunjika, akaenda chuo kikuu kusomea fizikia ya barafu, akakaa majira mengi kwenye kibanda mlimani akihesabu upepo. Anasema ofisini kwao mmoja alikuwa seremala, mwingine bwana misitu, mwingine alitabiri hali ya hewa kwa ajili ya ndege. Alikuja kwetu kuchimba shimo aangalie tabaka za theluji, barabara ikafungwa nyuma yake, sasa yumo humuhumu, anakula viazi vyetu.

Mwambie Anselmo na hili, maana chuoni hawatamwambia mapema: ni kazi ya kujua kwamba jambo lipo na kutojua saa yake. Nilimuuliza Roswitha, "Dada, kwa masomo yako yote, litaanguka lini?" Akaniangalia kwa macho mekundu. "Kaka Korbinian, ningejua lini, ningekuwa nimelala."

Sasa nakuja kwa mama yako. Nimezunguka vya kutosha.

Unaukumbuka msalaba wa mbao ulio juu ya nyumba yenu, pale mlipokuwa mkiweka maua mwezi wa Mei. Wazee waliusimika pale poromoko la zamani lilipoishia. Sote tumelelewa hivyo: aliye juu ya msalaba aogope, aliye chini yake alale. Tumejenga kwa msalaba ule, tumeozana kwa msalaba ule, hata mimi mwanakamati nilikuwa nikiutumia kama mstari kwenye ramani. Lakini upepo wa vuli uliulaza msitu wote wa juu, Burgi, miti imelala kama nywele zilizochanwa. Roswitha alichimba shimo lake, akachota theluji ya chini, ikamwagika kiganjani kama sukari, haiwezi kushikilia mzigo wa juu yake. Akasema, "Msalaba wenu unakumbuka poromoko lililozuiwa na msitu. Msitu haupo." Hakuna aliyebisha.

Hapo njia ilikuwa bado inapitika. Gebhard akasema nani atamtoa Zenzi. Nikasema niachieni mimi. Nikajigamba kwamba nimewahi kumshawishi askari wa bandari ya Genova anirudishie kisu changu pamoja na samahani, seuze shangazi yangu wa damu. Nikawasha mashine, nikavuka.

Nilimkuta zizini, mkono wake umeshika mkia wa Alma, yule ng'ombe wa kijivu.

"Shangazi, vaa koti, tunaondoka."

"Umekula wewe?"

"Shangazi, kamati imeamua."

"Kamati ndiyo wewe na msafisha dohani. Nimewafuta makamasi wote wawili. Alma anazaa wiki hii. Utamzalisha wewe?"

Nikamweleza msitu, nikamweleza sukari, nikamchorea sakafuni kwa kijiti. Alisikiliza vizuri sana. Halafu akasema, "Msalaba upo?" Nikasema upo. "Basi kaa ule." Akaniwekea madonge ya mkate yenye vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa, yale unayoyajua, na mimi, Burgi, nikala. Nikala nikiwa nabembeleza, nikabembeleza nikiwa natafuna. Nikafikiria kumbeba mabegani. Nikanyanyuka hata nikamshika kiuno, akanipiga na mwiko hapa juu ya sikio, na bado pana nundu. Sheria inatuacha tumwamuru, haituachi tumbebe. Nilichoweza ni kumwachia simu ya upepo ya lifti nikamfundisha kitufe. Nikarudi na tumbo lililojaa na kiti kitupu pembeni yangu. Waliponiona navuka daraja peke yangu hakuna aliyenitania, na hapo ndipo nilipoogopa.

Siku ya pili njia ikazikwa. Helikopta haiwezi kuruka, mawingu yamekaa juu ya paa. Utasema, si mnayo baruti, si mnajuaga kuliangusha poromoko vipandevipande? Tunayo, stoo imejaa. Lakini baruti haipigwi juu ya nyumba yenye mtu. Kama angetoka tungelipiga kabla halijanenepa. Hajatoka, kwa hiyo tunalitazama linavyonenepa.

Jana Gebhard akaita kikao kwenye kituo cha zimamoto. Swali lilikuwa moja: watu watatu wavuke kwa miguu wakamtoe kwa nguvu, sheria baadaye, au wasivuke. Njia inapita chini ya mteremko wenyewe. Severin alikuwa ameshavaa viatu. Huyo ana mapacha wanaotambaa.

Hujui desturi hii, maana ulipoondoka kamati ilikuwa haijaundwa. Kwenye swali la namna hiyo, mwenye ndugu upande wa hatari ndiye husema kwanza. Si adhabu. Iliwekwa ili wengine wasilazimike kutamka kitu mbele ya uso wake. Kwa hiyo wote wakanigeukia mimi, ninayejulikana kwa mdomo kuanzia hapa mpaka Innsbruck, nikaukuta mdomo haupo.

Roswitha akasema taratibu, "Kaka Korbinian, ukitaka nikuambie ninavyoona, nitakuambia." Nikasema usiniambie, naona mwenyewe. Ningesema "twende", Burgi, wangekwenda. Nawajua. Hakuna ambaye angebaki nyuma kunikatalia shangazi yangu. Nikasema, "Tusiende."

Wakasema na wao mmojammoja, sauti za chini. Gebhard akasema mwisho, kama ilivyo kawaida. Severin akavua viatu vyake, akachukua muda mrefu sana kwenye kamba.

Ndivyo ilivyokuwa. Nimeona afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mwingine. Sijui utanichukia. Nimejaribu kujichukia nikashindwa hata hilo, maana kila nikirudia hesabu natoka na jibu lilelile.

Jioni nikampigia kwenye simu ya upepo. Nilikuwa nimejiandaa kulia kiume. Akaanza yeye.

"Korbi, ni jike."

"Nini jike?"

"Ndama, wewe mjinga. Nimemwita Burgi. Ana macho yake yaleyale ya kudai."

Kwa hiyo hongera, dada, umepata mwenzako wa jina. Nikaitumia nafasi hiyo. Nikamwambia shangazi, kwa ajili ya ndama basi, lala zizini. Zizi lenu, unakumbuka, ni la mawe na dari la tao, limejibanza upande wa bonde. Chumba chake cha kulala kinautazama mlima kama mtu anayengoja kofi. Akanung'unika, akasema ng'ombe wanakoroma kuliko marehemu mumewe, lakini akahama. Amebeba godoro, koleo na ile picha yenu ya kanisani. Nilirudi nyumbani nikamwambia Filomena nimeshinda. Nilijisifu kidogo, nilihitaji.

Leo asubuhi tukasimama wote kwenye ukuta wa makaburi, tukaangalia. Mvuke wa pumzi zetu ulikuwa mwingi tusione vizuri. Halafu moshi ukapanda. Walpurga akajipiga ishara ya msalaba. Gebhard akatazama kwa darubini, akasema, "Anachoma kuni mbichi, kikongwe mkaidi, nilimkataza," na machozi yanamshuka kwenye ndevu, kwa kuni mbichi tu.

Mimi nami nilikuwa nafurahi, mpaka Roswitha akauliza kwa sauti ndogo, "Jiko liko zizini?"

Jiko haliko zizini. Jiko liko jikoni, na jikoni kuna ukuta wa upande wa mlima. Ili moshi utoke, inabidi atoke kwenye mawe, apite uani, aingie, apige magoti, awashe, apulize, angoje kuni zikolee. Nikakimbia kwenye simu ya upepo. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukatika, betri inakufa.

"Shangazi, usiwashe tena moto. Kaa zizini, kula jibini, kunywa maziwa."

"Nisipowasha mtajuaje?"

"Hatuna haja ya kujua."

"Mwongo wewe. Nawaona kutoka dirishani, mmesimama makaburini kama kunguru. Mtu akisimama kwenye baridi ile kwa ajili yangu, nitamnyima moshi?"

Nikamwambia tutaondoka, hatutasimama tena. Sijui kama alilisikia hilo. Kikabaki kile kivumo tu, halafu na kivumo kikaisha.

Tulishauriana. Tukisimama ukutani, atatuona, atatoka kuwasha. Tusiposimama, atadhani ni ukungu, atawasha vilevile, na sisi hatutaona. Mtelezaji wa mashindano, msafisha dohani, mwalimu, mwindaji, na mimi wa lugha nne. Kila mmoja ana ujuzi wake, na wote hatujui tusimame wapi.

Sasa ni mchana. Theluji inaanguka taratibu, kubwakubwa, kama haina neno na mtu. Nimekaa mezani mbali na dirisha, na kila nikimaliza mstari nanyanyuka naenda dirishani. Sitaki kuuona moshi, nataka abaki kwenye mawe yake. Halafu nisipouona, nafuta kioo naangalia tena. Filomena ameacha kunilalamikia, amenishonea kifungo ambacho hakikuwa kimekatika.

Mwambie Anselmo asikate tamaa. Aje. Tutamfundisha kuchimba shimo na kusoma tabaka, Roswitha ameahidi kumpa vitabu. Ila mwambie siku ya kwanza nitamkalisha kwenye kiti cha anayesema kwanza, akae tu, akisikie kilivyo.

Barua hii nitaipeleka posta, na posta itaiweka kwenye mfuko, na mfuko utangoja barabara. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, Burgi, ujue barabara ilifunguliwa. Ama theluji ilitulia yenyewe, ama ilishuka. Wewe unayesoma pengine umeshajua kwa njia nyingine, mimi ninayeandika sijui.

Msalimie sana shemeji Otmar, mwambie asibebe magunia. Wasalimie watoto wa Lambert na bibi yao Apollonia. Filomena anawasalimu, Gebhard anawasalimu, Severin anasema nisikuandikie jina lake lakini naliandika. Mungu aushike mlima huu kwa mkono wake, maana mikono yetu tumeshaiangalia pande zote na haina kitu. Awalinde na ninyi huko.

Nanyanyuka kwenda dirishani.

Nduguyo akupendaye, hata kama hutaki kunipenda tena,

Korbinian