Jina Nililomwandikia Mwalimu Mwajabu

Adila, nimetoka kwa Mwalimu Mwajabu sasa hivi. Nimekaa tu hapa stendi ya Msata, basi la pili hilo linanipita.

Unaikumbuka kompyuta yake, siku tatu nahangaika na mfumo wake wa Linux umsomee maandishi kwa sauti? Leo imesema.

Neno la kwanza: "Kipofu."

Ndilo jina la kuingilia nililomwekea, nisichanganye na kompyuta nyingine. Nilijua hataliona. Adila, nilijua hataliona!

Mwalimu akabonyeza kitufe tena. "Kipofu."

Akauliza taratibu, "Huyo ndiye mimi?"

Nikabadilisha jina hapohapo.

Nikaaga. Siku zote hunijibu, "Haya, mwanangu."

Leo kasema, "Haya, mwenye macho."