Picha Uliyopigwa kwa Simu

Timbwani, Likoni

Mke wangu Ibtihal,

Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mamangu amepona mguu, na studio haikosi wateja wa picha za paspoti.

Picha uliyotuma kutoka huko Maskati nimeiona. Dadangu Kuluthum asema simu imeishinda kamera yangu. Mimi nimeitazama pua. Imekuwa kubwa kidogo, na simu huifanya hivyo mpigaji akikusogelea usoni. Mikono yako yote miwili imeshika kikombe, basi hukujipiga mwenyewe.

Mimi mumeo nikikupiga picha huwa hatua sita mbali, na hata hivyo ukicheka hujiziba mdomo kwa ushungi. Hapa meno yote yako nje.

Sikuulizi ni simu gani. Nauliza ilishikwa na nani.

Mumeo,
Mussab